Kizingiti cha Mlango Mkubwa



Wapendwa wasomaji wetu, juma hili tulikuwa tumeahidi kuendelea na mafundisho juu ya Sakramenti ya Upatanisho, tuliyoyaanza majuma mawili yaliyopita. Tunaomba radhi, kwani tunayasogeza mbele kidogo. Siku ya Jumatatu kijana mmoja wa parokia yetu, ambaye anajenga nyumba yake ya kwanza, alikuja ofisini kutuuliza jambo ambalo hatukufundishwa seminarini. Mlango wake wa mbele unaelekea upande wa mvua. Je, kizingiti chake kiwe cha mti gani? Alikuja kwetu kwa kuwa alisikia kwamba Paroko anazijua habari za vizingiti. Ni kweli tunazijua. Lakini namna tulivyozijua si ya kujivunia, na tulimwahidi kwamba tutaandika yote, pamoja na yale ambayo wengi wenu mnayakumbuka na mmekuwa na upole wa kutoyataja mbele yetu.

Wale wanaotusoma kutoka mbali wafahamu kwanza mahali tulipo. Kanisa letu limesimama katika nyanda za chini za Muheza, mkoani Tanga, nchi ya machungwa na mafenesi. Nyuma yetu ni safu ya Usambara ya Mashariki, mbele yetu ni nchi inayoteremka taratibu kuelekea baharini. Mvua tunazipata mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, na hata katikati ya misimu hiyo hatukosi manyunyu. Wamisionari waliojenga kanisa miaka ya mwanzo ya 1960 waliuelekeza mlango mkubwa kusini mashariki, pengine kwa sababu barabara ilipita huko. Ndiko unakotoka upepo wa kusi. Mvua ya masika ikija na kusi haianguki kutoka juu, bali huja ubavu kwa ubavu, ikaupiga mlango kifuani na kuteremka yote hadi miguuni pake. Huko miguuni ndiko kilipo kizingiti.

Siku hizi magazeti yetu yameligeuza neno hili. Tunasoma kila siku habari za vizingiti vya maendeleo na vizingiti vya biashara, hata mtoto wa shule aweza kudhani kizingiti ni tatizo tu. Tunazungumzia kizingiti chenyewe, ule mti uliolazwa chini kati ya miimo miwili ya mlango, ambao mguu huuvuka, komeo la chini huingia ndani yake, na maji ya nje hukomea hapo. Katika nyumba nzima hakuna kipande cha mti chenye maisha magumu kuliko hicho. Kenchi za paa ziko kavu juu. Mlango wenyewe umesimama wima, maji yanauteremka na kwenda zake. Kizingiti kimelala chali; mvua inakinyeshea, jua linakikausha, saruji iliyo chini yake inakipa unyevu wa ardhi, na watu mia nne wanakikanyaga kila Dominika.

Tulipohamia parokia hii mwaka 2016 tulikikuta kizingiti cha zamani. Kilikuwa kimeliwa na miguu katikati, kimekuwa kama beseni jembamba, na mvua ikinyesha kilituama maji kidogo. Mwaka uliofuata tulikuwa tukijiandaa kumpokea Askofu kwa ziara ya kichungaji na Kipaimara. Tulipaka kuta rangi, tukanunua viti vya wageni, na tulipofika mlangoni tukaona haya. Tulimwita mzee mmoja fundi seremala wa hapa mjini. Yeye ni Mwislamu, na nusu ya madawati ya kanisa letu ameyatengeneza yeye au baba yake. Alichuchumaa, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akakisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua.

“Padri, huu ni mvule,” alisema. “Umekwisha kwa miguu, haujaoza. Uache. Ukitaka nitakuzibia hapo katikati.”

“Mzee wangu,” tulimjibu, “Askofu anakuja.”

“Na yeye ana miguu,” akasema, akachukua mfuko wake wa vyombo na kuondoka.

Hatukumfuata. Kamati ya Ujenzi ilituletea kijana aliyeahidi kumaliza kwa siku moja na kwa bei iliyotupendeza. Alileta ubao wa msonobari, ulionyooka vizuri na kulainishwa kwa randa, akaupigilia misumari na kuupaka rangi ya mafuta ya kahawia iliyokoza. Kwa macho ulikuwa mninga. Tulisimama mlangoni tukaufurahia. Askofu aliuvuka bila kuutazama, jambo ambalo tulipaswa kulitegemea. Fedha tuliyookoa ilitosha maua ya altare na sehemu ya chakula cha wageni.

Tusiudhulumu msonobari. Ndio unaoezeka nyumba nyingi za nchi hii. Sehemu kubwa ya mbao zake hutoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, na ukiuweka juu, mahali pakavu, utakaa miaka mingi. Kosa halikuwa la mti. Uliwekwa mahali ambapo haukuumbwa kuwa, na tuliouweka ni sisi.

Vuli ya kwanza ilipita salama. Masika yaliyofuata tuliona ufa mwembamba kama unywele kwenye rangi, kando ya msumari. Hatukuujali. Sasa tunajua kwamba ufa ule ulikuwa ndio mlango wa kizingiti chenyewe, kwa maana maji huingia kwa upesi kwenye ufa, lakini rangi iliyobaki juu huyazuia yasitoke. Kizingiti kisichopakwa chochote angalau hukauka mvua ikikoma, ilhali hiki chetu kilibaki kimevaa koti la mvua lililojaa maji ndani.

Dominika ya Matawi mwaka 2019 iliangukia tarehe 14 Aprili. Kama mnavyojua, siku ile hatuanzii ndani. Tulibariki matawi chini ya mwembe, tukaongoza maandamano kuelekea mlango mkubwa. Mvua ilianza tukiwa njiani na watu wakaharakisha. Sisi tulikuwa tumekwisha kuingia, tumefika karibu na altare, tuliposikia wimbo ukikatika nyuma yetu. Bibi mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo za upande wa reli, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifagia kanisa kila Jumamosi, alikanyaga ukingo wa kizingiti. Ukingo ukavunjika kama mkate mkavu. Mguu ulizama, mwili ukaenda mbele. Alikuwa ameshika tawi lake na hakuliachilia ili ajishike ukutani. Nyonga ilivunjika.

Siku ya Alhamisi Kuu tulisimama mimbarini kutoa taarifa ya hali yake na kuomba mchango wa matibabu. Mtu mmoja akauliza kwa sauti kilichotokea mlangoni. Tulijibu, “Mchwa.” Hatukuwa tumechunguza. Neno lilitoka lenyewe, na lilipotoka lilitufaa, maana mchwa hana mwenyewe. Watu wakatikisa vichwa, wakasema mchwa wa Muheza ni balaa. Tuliendelea na neno lile kwa majuma matatu, ofisini, kwenye jumuiya, hata katika barua kwa ndugu zake wanaoishi Dar es Salaam.

Baada ya Pasaka tulimwendea tena yule mzee fundi. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, wala hakutukumbusha lolote. Alikuja na patasi, akakibandua kizingiti kipande kwa kipande na kuvipanga vipande kwenye sakafu ya baraza.

“Mchwa yuko wapi, Padri?” aliuliza.

Tulitazama. Mchwa akila mti huacha udongo, huacha njia zake. Pale hapakuwa na udongo. Mti ulikuwa umegeuka rangi ya kahawa, umepasuka mapande madogo ya mraba, na ukiubonyeza kwa vidole ulisagika kuwa unga. Ilikuwa kuvu. Ukiuacha mti ukae na unyevu chini ya asilimia 20 hivi ya uzito wake mkavu, kuvu wa kuozesha hawezi kuanza kazi. Ukiuacha ulowe siku baada ya siku, humhitaji mchwa. Mzee alituonyesha pia mahali kuoza kulikoanzia. Hapakuwa juu, palipokanyagwa, bali kwenye vichwa viwili vya ubao, pale ulipokatwa kwa msumeno na kuingizwa ukutani bila hata tone la rangi. Alisema mti ni fungu la mirija. Ukiulaza mvuani, ubavu hunywa kidogo, lakini kichwa hunywa kama mtoto anywavyo dafu.

Kisha akauliza kizingiti cha zamani kiko wapi. Hatukujua. Mama mpishi ndiye aliyejua: kilikuwa nyuma ya jiko, juu ya udongo mtupu, chini ya mchirizi wa bati. Miaka miwili alikuwa akikitumia kuwekea masufuria. Mzee alikigeuza. Upande wa chini ulikuwa mweusi wa matope, na mchwa walikuwa wamepita juu yake, njia zao za udongo zilionekana waziwazi. Walikuwa wamepita tu. Akapitisha randa mara tatu, na chini ya weusi ule ukatokea mti wa rangi ya dhahabu iliyokolea, mkavu, wenye harufu. Nusu karne mlangoni na miaka miwili matopeni. Hatukuwa na neno.

Tulidhani angesema, basi tukirudishe. Hakusema. Katikati kilikuwa chembamba mno, na yule kijana alipokitoa kwa mtaimbo alikipasua ncha moja. Alikata kipande kizima kilichobaki, akakiweka mlango wa sakristia ambao ni mwembamba. Kipo pale hadi leo. Kwa mlango mkubwa ilitubidi tutafute mti mwingine, na hapa sasa ndipo lilipo swali la kijana wetu wa Jumatatu.

Wazo la kwanza lilikuwa kuweka saruji tu. Kwa nyumba nyingi saruji yatosha, nasi hatumkatazi mtu. Lakini mlango wetu una mbawa mbili nzito zinazofungwa kwa makomeo ya chini, na miguu ya miimo ikisimama moja kwa moja juu ya saruji yenye unyevu, ugonjwa unahama tu kutoka kizingitini kwenda kwenye fremu.

Wazo la pili lilikuwa mvule. Habari zilienea, na jioni moja alikuja mtu asiye wa parokia yetu, akasema anao ubao wa mvule, mzito, wa kipimo tukitakacho, kwa nusu ya bei ya mjini. Tukamwuliza hati. Akacheka kwa adabu, akasema kwa Kanisa hakuna atakayeuliza. Wapendwa, tukubali kwamba tulifikiri. Fedha ya matibabu ilikuwa bado inadaiwa, ubao ulikuwa mzuri, na kazi ilikuwa ya nyumba ya Mungu. Lakini nyuma ya mgongo wetu ni msitu wa hifadhi ya Amani, na sisi sote wa hapa tunajua magogo yasiyo na alama ya nyundo ya maofisa wa misitu hutoka wapi. Chemchemi tunazokunywa zinatoka huko pia. Tulimwambia hapana, naye akaondoka bila kukasirika, jambo lililotuonyesha kwamba wateja wengine hawakosi.

Mvule wenye hati hatukuupata kwa unene ule. Mkongo, ambao wengine pwani huuita mbambakofi, ule wenye mbegu nyeusi zilizovaa kofia nyekundu mnazoziona kwenye shanga, ungefaa kuliko yote kwa mvua na mchwa. Ila ni mgumu kwa msumeno na bei yake ilitushinda. Mninga tuliuona Tanga mjini, umeletwa kutoka bara. Ni mti wenye tabia njema sana, haujipindi wala kusinyaa ovyo, na ukiukata ungali hai hutoa utomvu mwekundu kama damu. Lakini mbao zile zilikuwa na ukingo mpana wa rangi nyeupe. Muuzaji akasema, “Rangi itafunika.” Mzee wetu akageuka akatoka dukani bila kujibu.

Hapa ndipo tulipojifunza jambo lililo kubwa kuliko majina yote ya miti. Tulikuwa tukidhani ukishasema mninga umemaliza. La hasha. Kila mti, hata ulio mashuhuri kwa kudumu, una sehemu mbili: kiini cha katikati, chenye rangi, ambamo mti umeweka uchungu wake na mafuta yake ya kujilinda, na sehemu nyeupe ya nje, iliyokuwa ikipitisha maji na chakula mti ulipokuwa hai. Kuvu na mchwa huipenda sehemu hiyo nyeupe, iwe ya mninga, iwe ya mtiki. Baadaye tulisoma kwamba huko Ulaya wataalamu huipanga miti katika madaraja 5 ya kudumu, la 1 likiwa la miti inayodumu sana na la 5 la isiyodumu, na kwamba sehemu nyeupe ya mti wowote huhesabiwa kuwa ya daraja la 5. Mzee wetu hakuwahi kuyaona madaraja hayo. Alikuwa na ukucha wa kidole gumba, anaoukandamiza kwenye ubao, na jicho.

Mwisho tuliuchukua mtiki, ambao wazee wa pwani huuita msaji. Mti huu si wa kwetu kwa asili. Uliletwa kutoka Asia wakati wa utawala wa Wajerumani, na sasa hapa Muheza tunalo shamba la Longuza, ambalo mitiki yake hukatwa kwa utaratibu na kupandwa tena. Hati zipo, stakabadhi ipo; tulizihifadhi katika faili la parokia na yeyote aweza kuziona. Lakini mtiki nao wataka macho. Miti michanga yenye umbo jembamba ina kiini kidogo na weupe mwingi, na hata kiini chenyewe hakijakomaa kama cha mti mzee. Mzee alipekua rundo zima. Alinyanyua kila ubao kuupima uzito, akaunusa, akatema mate kidogo juu yake kuona kama yanazama au yanakaa kama tone juu ya jani la mgomba. Alikataa mbao tisa. Wa kumi ulikuwa na unene wa inchi 3, upana wa inchi 9, rangi ya asali iliyoungua, bila mstari mweupe hata mmoja. Tulilipa, na kwa kweli bei iliuma. Tungeweza kununua vile vizingiti vya msonobari vinne.

Tangu wakati huo sheria za miti hii zimezidi kukazwa. Novemba 2022, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilipokutana Panama, ziliamua kuiingiza jamii ya mninga na ya mkongo ya Afrika katika orodha yake ya pili, yaani biashara yake ya kuvuka mipaka ya nchi inahitaji vibali maalumu. Kijana anayejenga Muheza hasafirishi mbao nje ya nchi, ni kweli. Lakini aone tu kwamba miti ambayo babu zetu waliikata bila kuhesabu sasa inahesabiwa duniani kote.

Kabla ubao haujapigwa randa tulikwenda nyumbani kwa Bibi. Alikuwa amerudi kutoka hospitali, amelala kwenye kitanda cha kamba barazani, wanajumuiya wakipokezana zamu za kumhudumia. Tulikaa kwenye kigoda. Tulimweleza kwamba hapakuwa na mchwa. Tulimweleza habari za mvule, za Askofu, za bei na za rangi ya kahawia. Alisikiliza hadi mwisho.

“Baba,” alisema, “mimi nilijua si mchwa. Pale nimefagia miaka ishirini. Mchwa ningemwona.”

Tukamwuliza kwa nini basi alinyamaza majuma yote yale, huku watu wakija kumpa pole ya mchwa.

“Ningesemaje, na wewe umekwisha kusema madhabahuni?”

Tulikaa kimya. Baadaye akauliza, “Na hicho kipya mtakiinua kama cha zamani?” Cha zamani kilisimama inchi 4 juu ya sakafu, kama vilivyo vizingiti vya nyumba nyingi za kale za pwani, ambavyo mtu huvivuka kwa kunyanyua mguu. Tukasema ndiyo, kama cha zamani. Akasema, “Basi mimi sitaingia tena kwa mlango ule.” Hakusema kwa hasira. Alikuwa akipima tu mguu wake.

Dominika iliyofuata, kabla ya matangazo, tuliwaambia waamini wote yale tuliyomwambia yeye. Waliokuwapo wanakumbuka. Hatutaandika tena hapa maneno yenyewe, ila tuseme kwamba yalikuwa mafupi kuliko tulivyoyaandaa, na kwamba hakuna aliyetikisa kichwa.

Sasa namna kilivyowekwa, kwa faida ya anayejenga. Mzee alikilaza chini, kikapanda vidole viwili tu juu ya sakafu, na ukingo wa ndani akauviringisha kwa randa usikamate kidole cha mguu wala ncha ya gongo. Juu alikipa mteremko wa nusu inchi kutoka ndani kwenda nje, ili maji yasipate mahali pa kukaa na kufikiri. Ukingo wa nje aliupitisha mbele ya ukuta, na chini ya ukingo huo akachonga mfuo mwembamba toka mwanzo hadi mwisho. Tulipomwuliza kazi yake, alimwaga kikombe cha maji juu, tukaona maji yakizunguka ukingo kutaka kurudi chini ya mti kuelekea ukutani, yakafika kwenye mfuo, yakashindwa, yakadondoka. Mfuo ule haugharimu chochote na hakuna auonaye. Kati ya mti na saruji aliweka karatasi ya lami. Vichwa viwili vya ubao alivinywesha mafuta ya kitani mara nne, kila mara akisubiri yakauke, kabla ya kuviingiza ukutani. Akafunga kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, akazamisha vichwa vya skrubu na kuvifunika kwa vigingi vya mtiki huohuo. Rangi hakuipaka. Alisema anataka kuuona mti ukizeeka, ili ukiugua tujue.

Nasi tulitaka kumwuliza kuhusu oili chafu ya magari, ambayo watu wengi hapa hupaka kwenye miti kwa ajili ya mchwa. Alisema atakayeipaka mlangoni mwa kanisa ajiandae kufua kanzu zote za harusi.

Tulipokuwa tukimtazama akipima, tulikumbuka kwamba Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, katika sura ya 6, hakikuona aibu kutaja miti ya milango ya hekalu la Sulemani. Milango ya Patakatifu pa Patakatifu na miimo yake ilikuwa ya mzeituni. Milango ya ukumbi ilikuwa ya mberoshi, lakini miimo yake ilikuwa ya mzeituni tena. Miaka yote ya seminari tulisoma sura ile haraka haraka, tukiona ni orodha ya mkandarasi. Sasa tunaisoma na kujiuliza kwa nini mbawa za mlango zilipewa mti mmoja na miimo mti mwingine, na tunadhani kulikuwa na mzee fundi pale, mwenye ukucha mgumu, na kwamba safari ile kuna mtu aliyemsikiliza.

Kwa hiyo, kijana wetu, jibu lako ni hili. Usianze na jina la mti; anza kwa kutazama mlango wako unaelekea wapi na maji yatakwenda wapi. Ukiweza kuweka kibaraza au kapaa kadogo mbele ya mlango, umekwisha kufanya nusu ya kazi, na huenda ukatosheka na mti wa bei nafuu. Nunua kiini, ukatae weupe, hata muuzaji akikuapia. Dai hati. Ukiona mtiki umekushinda bei, muulize jirani mwenye mfenesi mzee usiozaa tena. Kiini chake cha manjano mchwa hawakipendi sana, na huku kwetu mifenesi imejaa. Ukilazimika kutumia msonobari, uwe uliotiwa dawa kwa shinikizo kiwandani kama nguzo za umeme. Ule uliochovywa tu kwenye pipa dawa yake imeishia juu, na ukiukata kichwa umekwisha kuifungua njia. Vichwa vya ubao usivisahau. Na kama nyumbani kuna mzazi mwenye umri, pima urefu wa kizingiti kwa mguu wake, si kwa mguu wako.

Bibi alirudi kanisani siku ya Watakatifu Wote mwaka ule ule, kwa gongo, akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Alisimama mlangoni muda mrefu kiasi kwamba waliokuwa nyuma yake wakaanza kuongea. Akakigonga kizingiti kwa ncha ya gongo mara mbili, akakivuka, akaenda kukaa mahali pake pa siku zote, karibu na nguzo ya tatu. Kufagia hafagii tena. Siku za Jumamosi hukaa kwenye benchi na kuwaelekeza mabinti wanaofagia, na tumesikia kwamba ni mkali.

Kizingiti kimekuwa cha kijivu sasa, kama mtiki ufanyavyo ukikaa juani, na kina mkwaruzo mmoja mrefu ulioachwa na jeneza lililoburutwa. Hakijalegea. Jumamosi hii, baada ya Misa ya asubuhi, tutakipaka mafuta kabla ya vuli kuanza, pamoja na kile cha sakristia. Mwenye brashi ya inchi 3 iliyo nzima tunaomba atuazime. Ya parokia imeng'oka nywele.